Shahidi wa Pili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi vizuri, miguu imepungua kuvimba, na ile dawa ya presha unaimeza kweli, si kuificha chini ya godoro kama nilivyokufumania mara ya mwisho. Mama mdogo msalimie sana, mwambie kikohozi chake nakiombea. Mimi sijambo, ila mbavu mbili zinaniuma, nitakueleza kwa nini. Jambo moja tu, mama: barua hii usimpe mjomba akusomee kwa sauti kama zile nyingine. Vaa miwani, funga mlango, soma mwenyewe.

Umeniuliza mara mbili siku ya hukumu, ili upande basi uje kumwona muuaji wa mwanao akifungwa. Ni Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi. Uliandika kwamba utavaa ile nguo uliyomzikia mdogo wangu, na kwamba ukisikia amepewa kifungo cha maisha ndipo utapata usingizi. Maneno hayo nimeyasoma mpaka karatasi imechakaa, na ndiyo yaliyoniketisha hapa kuandika.

Halafu umenisema tena kuhusu darasa letu. Unasema Torati iliishia msalabani, mimi nimepewa neema nami naililia sheria kama mtu aliyefunguliwa pingu akaomba afungwe tena. Ukauliza ni lini tutaanza kuchinja kondoo sebuleni. Mama, ulimi wako huo! Nilicheka peke yangu. Hapana, hatuchinji kitu. Tuko watu saba katika chumba cha nyuma cha fundi cherehani, mama mmoja mjane, ambaye kila Jumamosi husukuma vyerehani ukutani ili tupate pa kukaa. Tunamwamini Masihi yuleyule unayemwamini wewe. Ila mwalimu wetu, mzee mmoja fundi saa, anasema Masihi mwenyewe alikua akiisoma Torati, akaifundisha, akasema hakuja kuitangua, basi wewe unayejidai kumpenda utakidharauje kitabu chake?

Tunasoma fungu moja kila juma, na mzee ana desturi yake moja ngumu. Kabla hatujatawanyika, kila mtu ataje jambo moja ambalo fungu hilo linamtaka yeye alifanye, na alifanye kabla ya Jumamosi ijayo. Anasema Torati si vyombo vya wageni vya kukaa kabatini. Kwa desturi hiyo muuguzi mmoja alirudisha mashuka ya hospitali, na fundi cherehani alikwenda kupatana na dada yake baada ya miaka tisa ya kununiana. Mimi siku zote nilitaja vitu vyepesi, kama kuacha matusi kazini. Hata hilo lilinishinda, unanijua.

Sasa nikueleze ya siku ile, maana yote uliyoyasikia uliyasikia kwangu.

Ilikuwa Ijumaa. Karakana yetu unaijua: tanuri katikati, fuawe mbele yake, na feni ya kupulizia moto inayonguruma mpaka usisikie ukiitwa. Tulikuwa tunanyoosha springi za lori. Mdogo wangu alikishika chuma kwa koleo juu ya fuawe, na Kifua anapiga kwa nyundo kubwa. Kifua ndiye huyo unayemwita muuaji. Tulimpa jina hilo kwa kuwa mashati yote yalimbana. Asubuhi walikuwa wamegombana. Mdogo wangu na utani wake usio na breki alimcheka mbele ya wateja kwa kuachwa na mchumba, wakakunjana mashati, tukawaamua. Saa nne walikuwa tayari wanakunywa chai pamoja, wanacheka.

Haijafika adhuhuri, nyundo ikampata mdogo wangu kwenye paji la uso. Sitakupambia, mama. Mfupa uliingia ndani. Alianguka chali na koleo mkononi, kile chuma chekundu kikamwangukia pajani, kikaunguza suruali kikaunguza nyama, naye hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipojua kwamba ameshakwenda.

Kifua alikuwa amepiga magoti, amekibeba kichwa cha mdogo wangu kwa mikono miwili, anamwita. Nilichukua nondo. Pigo la kwanza mgongoni, la pili mkononi, nikausikia mkono ukivunjika kama kuni kavu. Hakujikinga. Nilimpiga usoni mpaka jicho la kushoto likapasuka, na jicho hilo halioni tena mpaka leo. Nilikuwa nikipaza sauti kwamba ameua kusudi, ameua kusudi, na mtaa mzima ukamiminika ndani: wa dukani, wapita njia, watu wasiomjua mdogo wangu hata kwa sura, kila mmoja na jiwe lake, na asiye na jiwe akatumia buti. Mmoja alimkanyaga shingo huku bado anatafuna chakula chake. Askari walipofika walimbeba kama gunia lililoloa. Kwenye mazishi wewe uliishika mikono yangu hii ukaibusu, ukasema Mungu aibariki.

Jumamosi tatu zilizopita fungu letu lilifikia miji ya makimbilio. Hiyo ilikuwa miji iliyotengwa ili mtu aliyeua bila kukusudia akimbilie humo, asije akafikiwa na ndugu wa marehemu angali na moyo wa moto. Fundi cherehani alisema hilo limepitwa na wakati, siku hizi kuna polisi na mahakama, sisi waamini wa Masihi linatuhusu nini? Fundi saa akamjibu kwamba aiache miji na ajiulize Mungu alikuwa akiogopa nini. Aliogopa damu isiyo na hatia imwagwe na watu walio na uchungu wa haki kabisa. Kama hilo limepitwa na wakati, akasema, basi mtu aende akausome mtaa wake. Kisha tukaendelea mbele kidogo: shahidi mmoja hatoshi kumtia mtu hatiani, wawe wawili au watatu, na akionekana shahidi wa uongo, atendewe yeye lile alilotaka mwenzake atendewe.

Ikaja desturi. Wakataja wote. Zamu yangu ilipofika nikasema leo sina. Mzee akaniuliza kwa upole, wala hakuwa na nia mbaya, inakuwaje mimi niliyetoka kutoa ushahidi mahakamani majuzi tu fungu hili lisiniguse. Mama, sijui niliinukaje. Niliipindua meza. Nilimpiga ngumi ya mdomo, mzee wa miaka sabini, akaanguka katikati ya vyerehani, nami nikamfuata chini nimpige nyingine. Watu wanne walinishika.

Alikaa sakafuni, damu inamchirizika kwenye ndevu, akalitafuta jino lake mpaka akaliona, akaliweka kiganjani. Akaniambia Torati inampa haki ya jino langu moja, moja tu, si taya zima wala roho yangu, kwa kuwa hasira ya binadamu isipowekewa mpaka haishibi. Naye Masihi anamwomba hata hilo moja asilidai, kwa hiyo amenisamehe. Lakini msamaha huo, akasema, ni wa jino lake tu. Kama nimemkosea mwingine, nimwendee huyo mwingine, maana wanaodhani Masihi alikuja kuwapunguzia watu ukweli hawajamsikiliza vizuri. Baada ya hapo akauliza kama kuna mwenye pamba.

Mama, shika kitu. Kifua hakuua kwa kusudi. Kichwa cha nyundo kilichomoka mpinini akiwa amekwisha kuiinua, kikaruka, kikampata mdogo wangu. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nilikiona kikiruka. Mpini mtupu ulibaki mikononi mwa Kifua, naye akiutazama kama mtu asiyejua ni nini.

Na aliyeukaza mpini ule ni mimi. Asubuhi Kifua aliniletea ile nyundo akasema inacheza, niigonge kabari. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya tanuri na karatasi zangu, nakariri majina ya ndege najisi wa Torati ili kesho yake niwatambie wenzangu darasani. Kipanga, kozi, mwewe, kunguru. Sikutaka kuinuka. Nilitumbukiza nyundo kwenye ndoo ya maji mti ufure, ikakaza, nikamrudishia nikamwambia tayari. Kila mhunzi anajua mti huo ukikaa karibu na moto utakauka na kulegea. Mimi nilijua. Nilisema nitaigonga mchana.

Bado kuna baya zaidi. Mtaa ulipokuwa unamkanyaga Kifua, mimi nilikiokota kichwa cha nyundo, nikakirudisha mpinini, nikagonga kabari, safari hii kwa nguvu zangu zote. Askari waliikuta nyundo nzima. Hakimu alipewa aishike, akaitikisa, haikucheza hata kidogo. Na kwa kuwa tangu mwaka jana nilikuwa nimeshajifunza darasani kwamba shahidi mmoja hatoshi, nilikwenda kutafuta wa pili. Nilimchukua fundi rangi wa jirani, aliyeingia karakana mdogo wangu akiwa ameshakufa, nikamfundisha maneno mpaka akayajua: alimwona Kifua akilenga. Nilimtafutia mtu kifungo kwa kufuata Torati, mama. Hata Shetani asingeisoma vizuri kunishinda.

Juzi nilimwambia fundi rangi kwamba nitasema kweli. Akanipiga teke, akanipiga ubao, hizo ndizo mbavu, kisha akatoroka. Jana nilikwenda mahabusu. Kifua alinitazama kwa jicho lililobaki. Nilimweleza yote, la ndoo, la kabari, la fundi rangi, nikilia kama mtoto. Akasema miezi hii yote alikuwa ameanza kuamini kwamba labda kweli alikusudia. Nilitamani anipige. Wakili wake ameshayaandika maneno yangu, nimeweka sahihi. Jumatano nitayarudia mbele ya hakimu, na ameniambia wazi kwamba sitarudi nyumbani.

Torati inasema mwenye kutwaa kisasi cha damu ni ndugu wa karibu. Ndugu wa karibu wa marehemu tumebaki wawili, mimi na wewe. Mimi nimeshatwaa changu kwa mtu asiyehusika. Wewe fanya utakalo kwangu, hata ukinilaani nitakuwa nimestahili. Siombi unisamehe kabla hujamaliza kulia.

Lakini njoo. Mama yake Kifua hukaa benchi la mbele peke yake, kwa sababu siku ya kwanza ya kesi wewe ulimtemea mate mbele ya watu, na tangu hapo hakuna anayethubutu kuketi naye. Nakuomba ukaketi naye. Ukifika usimtazame mwanawe, nitazame mimi nikipelekwa kizimbani, ili nijue umeniona.

Fundi saa anakusalimu, na fundi cherehani pia, amesema utalala kwake usihangaike na nyumba ya wageni. Wasalimu majirani wote. Meza dawa kabla hujapanda basi.

Ni mimi,
mwanao uliyebakiwa naye.