Mlango wa Kabini za Mbele

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za Muthoni wako, aliye baharini lakini mawazo yake yako nyumbani Tetu. Magoti yanaendeleaje na baridi hii ya Julai? Natumaini yule ng'ombe mweusi amezaa salama, na kwamba Kariuki anaamka mapema kukamua, maana ndugu yangu namjua. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unachemka, na leo sitakuficha.

Msichana aliyekuletea barua hii anaitwa Wanjiru, wa Kangema. Ndiye niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja humu melini. Najua amekusalimu kwa mkono wa kushoto, na najua ulivyomtazama. Mama, hakukosa adabu. Mpe chai, kisha usome mpaka mwisho.

Kazi yetu ni kusafisha kabini za watalii. Wanjiru alizoea za nyuma, ambako upepo hausumbui. Asubuhi moja mwenzetu aliugua, msimamizi akamhamishia mbele kabisa. Kabini hizo zinatazama kule meli inakoenda, kila moja ina balkoni yake, na mlango wa kutokea huko ni wa chuma, mzito. Meli ikikaza mwendo, upepo wote wa bahari unakuja hapo. Ukifungua mlango huo huku wa korido uko wazi, upepo unapita katikati kwa nguvu na mlango unajibamiza wenyewe. Abiria huambiwa hayo kwa kipaza sauti, tena kwa upole. Sisi tunaoifungua milango hiyo kutwa, nani alituambia?

Wanjiru alikuta kabini inanuka sigara. Akafanya vile ulivyotufundisha wewe, na vile mama yake alivyomfundisha: ukitaka nyumba ipate hewa, fungua mlango wa mbele na wa nyuma, kisha ufagie. Wa korido akauwekea ndoo usijifunge. Wa balkoni akaufungua huku ameshika fremu. Mimi nilikuwa kabini ya pili. Nilisikia kishindo, halafu sauti yake, ndogo kabisa.

"Muthoni, kuja. Vidole yangu imebaki kwa mlango."

Vitatu, vya mkono wa kulia. Daktari wa meli hakuweza kuvirudisha.

Sasa sikiliza kinachonichoma. Msimamizi aliniita ofisini akanipa kahawa, mtu ambaye hata salamu huwa hajibu. Akasema, "Wewe ulikuwa karibu. Sema tu kwamba kwenye mkutano wa asubuhi niliwaonya nyote kuhusu milango ya mbele."

Mama, mkutano huo nilikuwapo. Tulifundishwa kukunja taulo ipate sura ya tembo. Tembo! Masikio, mkonga, na ukikosea unarudia mpaka apendeze, ili mtalii akiingia acheke. Neno mlango halikutajwa na mtu yeyote.

Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema nifikirie mkataba wangu. Nikasema nimeshafikiria, na kahawa yake nikaiacha mezani. Nilitoka na hasira, na bado ninayo ninapoandika.

Kwa hiyo usishtuke ukiniona getini kabla ya Krismasi. Kariuki na acheke akitaka, yeye aliyesema nakuja huku kulalia godoro laini. Lakini wameshampigia ajenti wa Nairobi aliyetutafutia kazi hii, wakamwambia Wanjiru aliumia kwa uzembe wake, na maneno hayo yatafika Kangema kabla yake. Alipokuwa akipanga nguo kwa mkono mmoja aliniambia, "Watu wataniita mjinga. Na majani chai nitachuna na nini? Ati nimwambie mama nini?" Anaogopa kwenda kwao peke yake. Ndiyo maana nilimwambia apitie kwako.

Mpeleke wewe mwenyewe, Mama. Vaa ile nguo ya kanisa, ukae kwa mama yake, useme majirani wakisikia kwamba binti yako alikuwapo, na kwamba hakuna aliyemwonya Wanjiru. Wewe ni mwenyekiti wa akina mama, ukisema watu husikiliza. Sitaki mtoto wa watu apoteze vidole na jina pia.

Nisalimie Kariuki, mkamuaji wetu mvivu. Nisalimie shangazi Wangari anayeuza viazi sokoni Nyeri, na umwambie shosho kwamba sweta aliyomfumia mjukuu wake ndiyo ninayolala nayo.

Sasa ikunje barua. Kwetu hakuna anayempa mtu mzima mkono wa kushoto, na Wanjiru analijua hilo kuliko mtu yeyote. Najua safari nzima, ndege na gari, alikuwa akiogopa pale mlangoni kwako. Inuka, Mama, umsalimie upya. Na safari hii, wewe ndiye uanze kutoa wa kushoto.

Ni mimi binti yako, mwenye hasira na mwenye kukupenda,
Muthoni