Talaka ya Kupatia Nyumba Uingereza

Bi Marietha, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana huku nimeshachekwa vya kutosha. Mimi ni fundi wa viyoyozi, mtu wa Tanga, niliingia Dubai nikibeba saruji na leo nina gari langu na mafundi wanne, na sijawahi kula cha serikali yoyote. Lakini hapa mgeni hapewi kitu, kila kitu unakilipia, nyumba yetu ya Al Rigga dirham elfu sitini kwa mwaka, ada za watoto watatu elfu ishirini na saba, yaani theluthi mbili ya pato langu inakwenda kabla hatujanunua mchele, na mke wangu Tufaha ana pasipoti ya Uingereza aliyoipata kwa baba yake, na dada yake anayeishi huko kila akipiga simu ni yale yale, “Shemeji, unateseka bure, huku shule hulipi, hospitali hulipi, na mwanamke mwenye watoto asiye na mume anapewa nyumba na posho juu.” Nikamuuliza, na mwenye mume? Akasema, “Mwenye mume wa Dubai ataulizwa mumeo yuko wapi, si akulishe?”

Nikapiga hesabu, nikaona miaka mitatu ya namna hiyo nitakuwa nimejenga Tanga. Nikamwandikia Tufaha talaka moja kwa mkono wangu, mbele ya mashahidi, akaniambia, “Baba Nassor, hili si jambo la mchezo,” nikamjibu ni karatasi tu ya kuwaonyesha Wazungu, ukishapata nyumba tutarudiana nami nitakufuata. Akaondoka na watoto, na nyumba akapata kweli, mimi nikaachia ile ya Al Rigga nikahamia kitanda cha kukodi Deira, chumba cha wanaume wanane, kila kitu kinakwenda nilivyopanga.

Mwezi uliopita nikampigia, nikamwambia Mama Nassor, sasa yalla, tupange nije. Akasema eda ilikwisha zamani na hukunirejea, hukuuliza hata, na tena huku anayeishi kwa posho haruhusiwi kumleta mume kutoka nje mpaka awe na kazi ya mshahara wanaoutaka wao. Nikasema basi rudini. Akanijibu kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza: “Khalfan, siku ya kwanza nilipojaza fomu kwamba sina mume niliona aibu. Sasa nikijaza nasema kweli. Unataka nirudi kwenye uongo, tena nyumba yenyewe huna?” Tangu tumpate Nassor hajawahi kuniita kwa jina langu.

Sasa nimeandika barua kwa halmashauri ya mji wao, nimewaeleza kwamba talaka ile ilikuwa ya hila, wamtoe kwenye nyumba yao, arudi na watoto wangu. Iko kwenye simu, bado kubonyeza tu. Kazi siioni, chakula sikioni. Niitume?

Khalfan, Deira

Khalfan, usiitume. Ifute, kisha endelea kusoma.

Pole, kaka yangu. Umeumia na sikucheki. Lakini hao halmashauri utawaambia nini? Kwamba Tufaha ana mume? Hana. Ulimwacha wewe. Mimi Mkristo, mambo ya eda nimemuuliza shehe mmoja hapa Deira, akaniambia talaka ikishatoka haina ya kweli na ya kuonyesha watu, na eda ikipita bila kumrejea, khalas. Ukimtaka, unaposa upya kwa mahari mpya, naye ana haki ya kukukataa.

Ukiituma, watakaotolewa nje ni watoto wako, na mama yao atashtakiwa kwa ujanja ulioubuni wewe. Halafu arudi wapi? Kwenye kitanda chako, katikati ya wanaume saba?

Kuhesabu unajua, sikatai. Kodi ulihesabu, ada ulihesabu, mke ukamweka pembeni kama spana, kwamba ukirudi utaikuta ulipoiacha. Alikuonya. Aliyekwambia ukweli alikuwa huyo mmoja, na ndiye uliyempandisha ndege.

Wala usiwatukane Waingereza. Wewe ulikuja Dubai kwa sababu palikuwa na kazi. Yeye yuko mahali ambapo hakuna ada ya kuchelewa hata watoto warudishwe nyumbani, na hambembelezi mtu. Hatatoka huko kwa kuambiwa “rudini”.

Fanya hivi. Mpigie leo, omba msamaha, usiombe kingine. Tuma matumizi ya watoto kila mwezi kwa benki, na mwambie ayataje kwenye fomu zake hata kama posho itapungua. Uongo uishie hapo. Hama hicho chumba, tafuta mahali ambapo mtoto akija anaweza kulala. Baada ya hapo peleka posa kwa wazee wake kama mwanamume anayeanza. Akikubali, mtasubiri apate kazi ya kuwaridhisha wenye nchi, na huenda ikawa miaka.

Akikataa, na mimi naona atakataa, omba viza ya kwenda kuwaona watoto. Ukifika, gonga mlango na usubiri nje mpaka ufunguliwe. Hiyo ni nyumba ya mwanamke asiye na mume.