Mpishi Ndani ya Darasa la Tatu

Jumatatu, 13 Mei 2019

Nimerudi kutoka semina. Siku tatu Gantsi mjini, hoteli yenye zulia, chai mara mbili kwa siku, na kijana mmoja kutoka mji mkuu akitufundisha namna ya kufundisha watoto wa makabila mchanganyiko. Tuliandika mawazo kwenye vikadi vya rangi. Tukavibandika ukutani. Tukavibandua. Mwisho kila mtu akapewa bango: KILA MTOTO, KILA UTAMADUNI, DARASA MOJA. Leo asubuhi nimelibandika juu ya ubao. Limeandikwa Kisetswana. Watoto wangu ni thelathini na wanane, na ishirini na sita ni Wanaro, wenyeji wa jangwa hili, ambao Kisetswana walikisikia kwa mara ya kwanza hapa shuleni.

Kijana yule hajawahi kusimama mbele ya Darasa la Tatu la shule yetu ya Motswiri. Nauliza: saba mara nne? Kimya. Wanaro wangu wote wanatazama madawati. Pono, binti wa nesi, Mtswana mwenzangu, ananyoosha mkono hadi bega linataka kung'oka. Namruka. Nauliza tena. Kimya. Mwishowe anajibu Pono, kama kila siku tangu Januari.

Mwaka wa pili huu niko huku mchangani. Mama yangu, kule kwetu Mochudi, anauliza niliikosea nini serikali.

Jumatano, 15 Mei

Semina ilisema mwite mtoto kwa jina lake. Haya. Kwenye rejista yumo "Sarah". Sarah hayupo. Yupo Xgaese, ila mwalimu aliyenitangulia jina lilimshinda, akampa jingine. Ile X si herufi, ni mlio, ulimi unapigwa pembeni ya kinywa.

Nimejaribu mara tatu mbele ya darasa. Mara ya tatu wameangua kicheko, watoto ambao sauti zao sijapata kuzisikia! Xgaese kajifunika uso kwa sweta. Mma-Dabe, mama mpishi wa shule, Mnaro pia, alikuwa anapita dirishani na ndoo ya maji. Akaitua akacheka nao. Nikamuuliza nimesema nini. Akasema, "Mwalimu, acha tu." Nimemfuata mpaka jikoni. Hakuniambia.

Nimejing'ata ulimi. Hata chai inauma.

Ijumaa, 17 Mei

Jaribio la hesabu, maswali kumi. Nimesahihisha wakati wa mapumziko na damu imenichemka. Karatasi sita zinafanana kama mapacha: ya Xgaese na za majirani zake watano. Kama yangekuwa majibu sahihi tu ningefumba macho, labda. Lakini swali la tisa – mwezi una siku ngapi – wote sita wameandika 28. Kosa lile lile, mara sita. Wametazamiana mchana kweupe.

Nimewauliza nani kamtazamia nani. Kimya. Nikawaambia wasimame. Wakasimama. Hawalii, hawajitetei. Kimya chao kinanichosha kuliko kelele za shule nzima.

Nikawapeleka kwa bwana naibu mkuu, Rra Kebadire. Nilijua ana fimbo. Siwezi kujidanganya hapa kwamba sikujua. Viboko viwili viwili viganjani. Xgaese alikuwa wa mwisho. Hakuvuta mkono. Alimtazama Rra Kebadire usoni – sasa ndipo akatazama mtu usoni – kwa mshangao mtupu, kama amemwona mtu mzima amejikojolea.

Sheria ni sheria. Mochudi tulichapwa wote na tumesoma.

Jumatatu, 20 Mei

Madawati kumi na tisa matupu.

Rra Kebadire anasema wamekwenda na wazazi wao kuchimba mizizi, ndio desturi yao, wasubiriwe. Kumi na tisa, wote siku moja, wote wa upande mmoja wa makazi! Nikamwambia hiyo mizizi imeota Ijumaa ofisini kwako. Akasema ni mimi niliyewaleta. Kweli. Nikatoka.

Nimefundisha watoto kumi na tisa waliobaki. Pono kajibu kila kitu. Sijapata kuchukia jibu sahihi hivi.

Jumanne, 21 Mei

Nimekwenda kwa kina Xgaese baada ya vipindi. Mma-Dabe alinisindikiza. Kilomita sita za mchanga, na mimi na viatu vya ofisini. Njiani alinikanya: usianze na shauri lako. Ukifika kaa.

Nikakaa. Wakanipa kigogo cha kukalia na kipande cha tikiti la porini. Wakazungumza habari ya punda aliyepotea. Saa nzima ya punda! Xgaese alikuwa pale pale na wenzake, wanacheka na kupiga kelele, hata sikumtambua mara moja.

Mwishowe nikashindwa, nikasema nimekuja kuhusu watoto. Baba yake, Rra Thamae, hufanya kazi ya kulisha ng'ombe kwenye ranchi, na Kisetswana chake ni kizuri kuliko cha wengi. Hakupandisha sauti. Alieleza kwamba yeye mwenyewe alisoma shule hiyo hiyo, akakaa bwenini, akachapwa darasa la pili kwa kusema lugha yake, akatoroka kwa miguu siku mbili. Hakurudi tena. Kwao mtoto hapigwi. Mkubwa akimpiga mtoto, ni huyo mkubwa anayeonekana hana akili.

Halafu akaniuliza, "Mwalimu, unataka arudi. Arudi kwenye nini?"

 Bango langu halina jibu la hilo.

Nikaulizia jaribio, angalau nielewe. Mma-Dabe akatafsiri. Xgaese akajibu bila kigugumizi, akinitazama kwa pembeni. Alimaliza mapema, wenzake walikuwa bado. Kukaa umemaliza peke yako huku wenzako wanahangaika ni uchoyo, kwa hiyo akawapa. Na ile 28? Akaona ajabu mimi mtu mzima nauliza hilo. Mwezi huonekana siku ishirini na nane, kisha hufa. Siku ambazo umekufa huwezi kuzihesabu, kwa sababu haupo.

Mwezi. Mimi nilimaanisha wa kalenda, yeye kajibu wa angani. Kwa Kisetswana neno ni moja, na sikuandika ni upi.

Watoto sita wamechapwa kwa swali langu bovu.

Rra Thamae alitoa sharti moja: watarudi ikiwa mtu anayejua lugha yao atakaa darasani. Wakamtazama Mma-Dabe. Nikasema sawa. Nimeahidi kitu ambacho si changu.

Jumatano, 22 Mei

Mkuu wa shule, Mma Lesetedi, amekataa kabla sijamaliza sentensi. Mma-Dabe ameajiriwa kupika. Nafasi ya msaidizi wa lugha haipo. Nikimtaka, niandike barua wilayani. Barua huchukua muda gani? Akacheka. Barua ya choo ina miaka mitatu.

"Lakini Mma, semina mliyonipeleka –"

"Semina ni semina. Mpishi ni mpishi."

Ijumaa, 24 Mei

Wamerudi kumi na saba. Mma-Dabe ameingia darasani saa mbili, baada ya uji wa asubuhi, na aproni yake. Atatoka saa nne kuinjika maharage. Hatujamwambia mtu. Nimempa chaki.

Sikujua namna ya kumtumia, yeye ndiye kajipanga. Kawaketisha sita sita. Swali naliuliza mimi, yeye analigeuza Kinaro, wanashauriana wenyewe kwa wenyewe, kisha mmoja anasema jibu la wote. Hakuna anayejitanguliza. Pono kanuna kwanza, kisha akasogea kundi la Xgaese akauliza wanasemaje.

Saba mara nne: sauti ishirini. Rra Kebadire kachungulia kuuliza kuna nini; Mma-Dabe kajifanya anafagia.

Jumanne, 28 Mei

Maharage yameungua. Mma-Dabe alinogewa na hesabu za kutoa kwa kukopa, akasahau sufuria. Shule nzima imekula maharage ya moshi. Amekaripiwa mbele ya watoto na Rra Kebadire, kuhusu uzembe wa "watu wenu". Alinyamaza. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Nami nikanyamaza.

Mchana kaja nesi, Mma-Pono, amefura. Mtoto wake anahesabu Kinaro nyumbani.

"Mwanangu anagonga ulimi tukiwa mezani kama anafukuza punda. Ndiyo shule hiyo?"

Nikamwambia Pono anahesabu kwa lugha tatu sasa, Kisetswana, Kiingereza na Kinaro, wengine wote hapa mbili. Hajaipenda. Ataongea na Mma Lesetedi. Aongee! Wanaro wakijifunza Kisetswana ni elimu, Mtswana akiokota maneno kumi ya Kinaro ni msiba.

Alhamisi, 30 Mei

Mkaguzi anakuja wiki ijayo. Mma Lesetedi ameita kikao. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekwenda semina, nitatayarisha "utamaduni": Wanaro wavae ngozi wacheze mbele ya mgeni, na wazazi waje. Nikamwuliza ngozi zipatikane wapi. Rra Thamae huvaa ovaroli na kofia ya ranchi. Mma Lesetedi akasema kuna mwalimu anazo za maonyesho, zimo stoo.

Mtoto hawezi kuongea lugha yake darasani, lakini aicheze uwanjani. Huo ndio utamaduni unaokubalika.

Na hilo si baya kuliko yote. Kanipa fomu. Watoto wazito wa kuelewa, watakaohamishiwa darasa maalumu Januari, shule ya bweni, kilomita mia na arobaini. Majina yamekwisha kuchapwa kutokana na mtihani wa muhula uliopita, wa Kisetswana. Majina sita. La kwanza ni Sarah. Sahihi ya mwalimu wa darasa hapa chini.

Nikasema mtoto huyu ndiye mwepesi kuliko wote nilionao. Akataka karatasi inayoonyesha hivyo. Karatasi niliyonayo ni ile ya mapacha, yenye alama zangu nyekundu.

Sijatia sahihi. Fomu iko kwenye mkoba wangu.

Jumanne, 4 Juni

Kila siku Mma Lesetedi anaiulizia fomu. Kila siku nasema kesho. Mma-Dabe bado anaingia saa mbili. Nimemwambia tusimame wiki hii, mpaka mkaguzi apite. Akauliza watoto wawaambie nini wazazi. Hatujasimama.

Ngozi za stoo zimeliwa na panya. Namshukuru Mungu kwa panya.

Alhamisi, 6 Juni

Naandika kwenye benchi nje ya ofisi. Sijui nitaitwa lini. Nikikaa bure nitalia.

Mkaguzi, Rra Sebego, kafika saa mbili na nusu badala ya saa nne. Kaingia kwanza Darasa la Tatu kwa sababu ya bango, Mma Lesetedi alikwisha kulisifu kwake. Mma-Dabe alikuwa nyuma, tayari na aproni. Nilimpa ishara atoke. Hakuiona, au hakutaka.

Mkaguzi alikuwa na nakala ya ile orodha. Akataka kumwona Sarah. Hakuna aliyesimama. Nikamwita Xgaese, kwa mlio wake, na safari hii hakucheka mtu. Mkaguzi akamwuliza mwenyewe, kwa upole, haki niiseme: mtu ana ng'ombe arobaini, kauza kumi na watatu, wamezaliwa sita, anao wangapi. Xgaese akatazama sakafu. Mkaguzi akasubiri. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Mma Lesetedi akanitazama kama anayesema, unaona?

Ndipo Mma-Dabe akatembea kutoka nyuma hadi mbele. Akasema maneno machache ya Kinaro, akamnyooshea Xgaese chaki. Mtoto akageukia kundi lake, wakanong'ona, watano na yeye, na Pono kati yao. Akaenda ubaoni akaandika 33. Chini yake, bila kuulizwa, akaandika namna walivyopata.

Mkaguzi akauliza mama huyu ni nani.

"Ni mpishi," akasema Mma Lesetedi. "Sijui amefikaje humu."

Sasa wako ndani: mkaguzi, Mma Lesetedi, Rra Kebadire na Mma-Dabe. Wazazi wamefika kwa ajili ya ngoma, wameketi kando ya uzio, Rra Thamae na ovaroli iliyopigwa pasi. Ananiona.  Kabla ya kuingia, Mma Lesetedi alinivuta kando. Niseme sikujua, kila siku nilimkuta tu pale nyuma nikadhani kaja kufagia. Kibarua kitakachoota nyasi kitakuwa cha mpishi, changu kitabaki. Na fomu nitie sahihi leo, yaishe.

Dirisha liko wazi. Nasikia kila neno. Mma-Dabe anasema alijiingiza mwenyewe. Mwalimu hakumwita. Mwalimu alimkataza, yeye hakusikia. Anasema uongo huo kwa Kisetswana safi, taratibu, kama anayepakua chakula. Ananikinga. Mimi niliyesimama hatua tatu nikanyamaza, ananikinga.

Rra Kebadire anasema, si mnaona.

Sasa mkaguzi anauliza. "Mama, na ile chaki ulipewa na nani?"

Mma-Dabe hajibu. Kimya kile kile. Mkaguzi anasubiri. 

Rra Kebadire kafungua mlango. Anasema niingie, na nije na ile fomu. Nakwenda nayo, haina sahihi, na nitasema chaki nilimpa mimi.