Nundu ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mashine leo haina visirani. Nimepima upya mchanganyiko wa maji na alkoholi. Kazi ni ileile: zigutushe molekuli ndani ya sumaku, kisha ungoje zitulie. Zinazoshikana sana hutulia upesi. Ila safari hii niligandisha sampuli kwanza, nikavuta hewa yote kwa pampu. Na nundu haipo! Nundu ya grafu – ile iliyompa jina baba mkwe, aliposema kwamba hapo katikati, nusu kwa nusu, maji na alkoholi hukumbatiana. Mstari umepita laini kama shuka iliyopigwa pasi.

Labda nimekosea.

Jumanne, 4 Machi

Sikukosea. Ni oksijeni iliyoyeyuka humo, nyingi zaidi hapo katikati – nayo ina usumaku, huharakisha kila kitu kutulia. Yaani miaka yote hiyo mzee alikuwa akipima hewa! Na Jumamosi anaaga kazi. Hotuba yake ni nundu mwanzo mwisho.

Nimemwambia mume wangu. Akaacha kula. Mwambie wewe, akasema, mimi mwanawe atadhani namchimba. Na mimi je? Mkwe mtu! Nitaanzia wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Nilikwenda kwao. Mama mkwe alikuwa akipunguza shati la hotuba, mzee amekonda. Nikameza maneno. Nikanywa chai, nikaaga. Mwoga mimi.

Baba mkwe akanisindikiza hadi getini. "Mkwe, una neno wewe. Tangu uingie unakoroga chai, na sukari hukutia."

Nikamwambia. Yote, macho kwenye viatu vyake. Hakufoka. Kesho nitakuja maabara, akasema, uivute hiyo hewa mbele yangu.

Usingizi sidhani.

Ijumaa, 7 Machi

Amekuja, na koti lake la zamani la maabara. Pampu kaiendesha mwenyewe. Kumbe anajua! Nikamuuliza kwa nini enzi zile hawakuvuta hewa. "Pampu ilikuwa ya maabara ya jirani," akasema, "na jirani tulikuwa hatusemezani." Tukacheka, hata nikasahau kuogopa.

Sasa mashine inapima, naandika pembeni. Sampuli ni ya katikati, penye nundu yenyewe. Mpiga chapa amepiga simu kuuliza kuhusu hotuba. Mzee kamjibu taratibu: ngoja kidogo, usichape bado.

Namba ya kwanza imetoka. Miwani kaishika mkononi, skrini haitazami.

"Nisomee, mwanangu."

Mwanangu – hajawahi kuniita hivyo! Namba naiona, ni ileile ya Jumatatu. Nimevuta pumzi –