Gazeti la Baba Bado Linaitwa Langoni

Mama Félicité, mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi nyingine haijafika. Baba yangu, Papa Évariste, alifariki mwezi wa pili tukamzika kwao Yanonge, na alikuwa abonné, amejiandikisha kuletewa gazeti hili lenu nyumbani, kwa miaka kumi na moja, na mpaka leo halijakoma, kila Jumamosi Djuma analileta kwa baiskeli na kuita langoni, “Papa Évariste, gazeti iko!” na mama yangu, mshauri, anainuka kitini, anafika mlangoni, ndipo anakumbuka, anarudi kukaa na siku hiyo hali kitu, na mimi natoka mbio, Djuma ananipa daftari la kupokelea, natia saini kwa adabu tu maana ni mtu mzima ametoka mbali juani, kisha narudi ndani. Juzi nilikwenda ofisini kwenu kulisimamisha, karani akasema, “Madame, abonné mwenyewe ndiye anapashwa kuya kusaini.” Nikamwambia amekufa. Akafungua daftari la Djuma: “Bon, alors nani anasaini hapa kila samedi? Donc mulikubali mwaka mupya.” Nilitoka pale kama mwizi. Je, nimejifunga kwa mkono wangu mwenyewe? Na mama atainuka kitini mpaka lini?

Odile, Makiso

Odile, pole kwa msiba, na pole kwa Jumamosi zote hizo.

Sasa nikugombeze. Unatokaje mbele ya karani bila kuomba akuonyeshe karatasi aliyosaini baba yako? Mimi nimepanda ngazi nikaiomba. Ni ya mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka Papa Évariste alitia saini upya, mara kumi na moja, kwa mwandiko mzuri kweli. Ya mwaka huu haipo. Kusaini kwamba umepokea kitu si kusaini kwamba umekiagiza. Karani wetu amekosea, naliandika humu humu gazetini kwetu, na wakubwa wakitaka kununa wanune.

Andika barua fupi, nakala mbili, ubandike na kopi ya cheti cha kifo. Moja waachie. Ya pili wakugongee muhuri wa accusé de réception, wa kuonyesha wameipokea, wenye tarehe, na usiondoke bila huo muhuri hata wakikuambia mwenye ufunguo amekwenda kula. Msubiri. Na daftari la Djuma usilisaini tena.

Lakini nimeisoma barua yako mara tatu, dada, na sioni mahali ulipomwambia Djuma. Unasaini, unakimbilia ndani. Yule mzee hana habari! Adabu gani hiyo?

Jumamosi akiita, mfungulie lango, mpe kiti na maji, na mama awepo. Mwambie. Miaka kumi na moja amemwita baba yako kwa jina lake. Na yeye amefiwa, ila hakuna aliyempa habari.