Waliponiuliza Kama Naweza

Jumatatu, 1 Julai 1968

Baridi. Ukungu hadi saa nne, mlima hauonekani. Wino umekataa kutiririka, nimeipasha chupa joto kwapani kama kawaida. Nanakili ramani ya zahanati ya Mukurweini. Bwana Prentice amebuni, Fundi Ramji amechora, mimi napitisha wino juu ya kitambaa cha kunakilia, kinachoonyesha mistari iliyo chini yake. Mzungu, Mhindi, Mwafrika. Ndivyo ofisi hii ilivyopangwa tangu nilipoingia mwaka wa hamsini na sita. Siku hizo hata chai ilipangwa hivyo: birika la Bwana, bilauri ya Fundi, kikombe changu cha bati. Uhuru ulileta vikombe vya aina moja. Meza hazikusogea.

Jumatano, 3 Julai

Barua kutoka ofisi ya leba, wanaosimamia mambo ya kazi. Fundi Ramji hakuchukua uraia nafasi ilipokuwapo baada ya Uhuru. Aliahirisha, akasema kesho, akasema kesho kutwa, mpaka siku zikaisha. Sasa anahitaji kibali cha kazi. Afisa atakuja Ijumaa na swali moja: je, hapa yuko mwananchi anayeiweza kazi ya Fundi? Akiwepo, Mhindi aende. Asipokuwepo, abaki.

Mwananchi ni mimi. Hakuna mwingine.

Hakuna aliyeuliza nani anaiweza kazi ya Bwana Prentice. Hilo limenikera kuliko yote.

Alhamisi, 4 Julai

Siku nzima nimekumbuka miezi yangu mitatu ya kwanza. Nilikuwa mfagiaji. Fundi alinikuta nikiangalia meza yake badala ya sakafu. Hakunifukuza. Alinipa rula, penseli na magazeti ya zamani, akaniambia nichore mistari. Mistari tu. Miezi mitatu, kila jioni baada ya kufagia. Mmoja ukitetemeka, gazeti zima linachanwa. Baadaye herufi. Baadaye ngazi, ambazo ni balaa. Ilikuwa Hali ya Hatari, nikichelewa kurudi kijijini askari wananishika, kwa hiyo aliniandikia barua ya kuwaonyesha. Mchana tulibadilishana: nduma zangu za kuchemsha kwa chapati zake na achari ya maembe. Bado tunabadilishana. Siku zile zilijaa hofu na bado nazitamani. Sijielewi.

Niandike ukweli, maana hakuna anayesoma hapa. Nakitaka kiti chake. Nimekitaka miaka minane. Mwaka jana alipougua nilichora nusu nzima ya shule ya Kangema na Bwana Prentice hakuona tofauti. Mtoto akibebwa hutazama kisogo cha nina. Mkono wangu ni wake.

Ijumaa, 5 Julai

Afisa amekuja. Kijana wa kutoka magharibi ya nchi, suti safi, mpole. Tulisimama dirishani. Fundi alijifanya anachonga penseli.

"Hii kazi ya huyu mzee, wewe unaiweza?"

"Bado, afisa. Mimi najua kunakili tu."

Ameandika, ameaga, ameondoka. Nilidhani Fundi atanishika mkono. Hakuinua hata kichwa. Mchana amekula chapati zake peke yake. Nduma zangu nimezirudisha nyumbani.

Jumamosi, 6 Julai

Nimemweleza mke wangu. Nyambura ameniita mjinga. Ati Mwafrika akifunguliwa mlango anaufunga mwenyewe halafu analia yuko nje. Nimeenda kupalilia kahawa nisisikie zaidi.

Jumanne, 9 Julai

Fundi bado hanisalimu. Leo amenena bila kugeuka.

"Gathogo, wewe najua chora ama hapana jua?"

Nimemwambia najua.

"Basi kwa nini naambia serikali hapana? Miaka kumi na mbili mimi nafundisha wewe. Kama wewe hapana jua, mimi si fundi."

Sikuwa nimeliona hivyo. Nilidhani nampa zawadi, kumbe nimemtukana mbele ya mgeni. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu utoto. Nimemwambia nilitaka abaki. Akasema anajua. Akavaa koti, akatoka, hakurudi hadi jioni.

Alhamisi, 11 Julai

Bwana Prentice ameniita asubuhi, akaongea akitazama nje. Juzi Fundi alikwenda leba mwenyewe. Alibeba ramani za Kangema, akazitandaza mezani kwa afisa, akamwonyesha karatasi moja moja zilizo zangu. Hakukosea hata moja. Kumbe siku zote alijua ipi ni ya nani.

Kibali kimekataliwa. Ana hadi mwisho wa Agosti. Kazi ni yangu.

Nimefurahi. Pia nimelia. Nimelilia katika chumba cha kuchapia ramani, ambako dawa humtoa kila mtu machozi.

Jumamosi, 31 Agosti

Ameondoka. Shemeji yake amekuja na Peugeot, masanduku yamefungwa juu kwa kamba. Wanaenda Uingereza. Hajawahi kufika huko. Alizaliwa Nanyuki.

Mkewe amempa Nyambura mtungi mzima wa achari. Fundi amenishika mkono, akaugeuza, akaona wino kwenye kucha, akasema fundi mkuu haendi kazini na mkono mchafu. Hayo tu.

Jumanne, 10 Septemba

Nimemaliza ramani yangu ya kwanza nikiwa mkuu. Ofisi za ushirika wa kahawa, vyumba sita na stoo. Bwana Prentice ananiita Bwana Gathogo siku hizi. Sijazoea.

Nilipomaliza mstari wa mwisho nikaweka kalamu chini, nikasimama kando ya meza, mikono nyuma. Ndivyo tulivyofanya miaka yote: mimi nasimama, Fundi anainama, kidole chake kinafuata kila ukuta toka mwanzo hadi mwisho. Nilisimama hivyo kwa muda kabla ya kukumbuka.

Nikainama mwenyewe. Nikafuata kuta kwa kidole. Mlango wa stoo unafungukia juu ya ngazi. Angeuona mara moja. Nikachukua wembe, nikakwangua wino polepole, nisije nikatoboa kitambaa.