Beseni la Kumpoza Père Noël

Jumapili, 14 Desemba

Orlane, mtoto wangu mchanga, na meno yake yanayoota. Usiku kucha begani kwangu. Leo kwenye misa nimesinzia nimesimama — kushtuka, watu wote wameketi, mi peke yangu wima kama mshumaa.

Mchana Maxime amekuja kula. Ni mdogo wake Astère, mume wangu; anafundisha fizikia kwenye lise. Kama kila nyumba ingekuwa na Maxime wake, watoto wote wangekuwa na akili na mama zao wangekuwa vichaa. Joëlla, binti yangu mkubwa, amemwuliza, wali mdomoni: Père Noël, mzee wa zawadi za Noeli, anawezaje kufika kwa watoto wote wa dunia kwa usiku mmoja? Mi ningejibu, kwa nguvu za Mungu, kula. Maxime amechukua kalamu na kuandika nyuma ya kalenda ya parokia. Watoto wangapi, nyumba ngapi, usiku una saa ngapi. Akapata mbio yake. Mbio ambayo, anasema, ukiiweka pembeni ya risasi, risasi utadhani imekaa kupumzika.

Halafu akaongeza, tena anacheka, kwamba kwa mbio hiyo hewa yenyewe inachoma.

"Unawajua wale wa baiskeli wanaoshuka mlima toka Bugarama na ndizi? Wanafunga breki kwa kiatu mpaka kiatu kinatoa moshi. Sasa huyo mzee ni hivyo mwili mzima. Hajafika Kayanza, amekuwa makaa."

Nimecheka mi pia. Joëlla ameacha kutafuna.

Jioni mvua ilikuwa inazunguka upande wa pili wa ziwa. Umeme juu ya milima ya Uvira, bila sauti. Tonton Maxime tena na somo: mwanga unafika kwanza, sauti inafuata nyuma, we hesabu tu utajua ni mbali kiasi gani. Joëlla amehesabu, amechoka, ameanza tena. Sauti ya radi haikuja. Maxime anasema ikitoka mbali sana inafia njiani. Nimemwambia basi, shemeji, imetosha, mtoto alale.

Astère yuko kule Uvira kikazi, upande wa Kongo, chini ya umeme ule. Tangu mpaka wa Gatumba ufungwe kwa sababu ya vita simu yake haipiti. Neno lake la mwisho: Noeli niko nyumbani. Joëlla ndiye alikuwa ameshika simu siku ile. Amelisikia kwa sikio lake.


Jumanne, 16 Desemba

Leo maji yametoka alfajiri, uzi mwembamba tu. Nimejaza bidoni zote na Orlane mgongoni, nikashukuru, nikaenda soko la Jabe kutafuta unga.

Kurudi — bidoni tupu! Uwanja mzima wa parseli tunayopanga umetandazwa mabeseni, masufuria, hata kopo la rangi. Joëlla na Houda wamechuchumaa katikati kama wauza samaki. Houda ni mjukuu wa Bibi Ghanima, mwenye nyumba. Nimeuliza maji ya nepi za mtoto yako wapi. Joëlla amenionyesha uwanja. Ni ya kumpoza Père Noël, anasema. Akipita juu anaungua, ashuke hapa ajimwagie, halafu aendelee.

Hasira imenipanda, halafu nimeona birika. Birika la Bibi Ghanima, la kutawadhia, limemwagwa lote ndani ya sufuria yangu. Na adhuhuri ndiyo hiyo inaadhiniwa. Mpangaji aliyetutangulia alifukuzwa hapa kwa sababu ya redio tu. Tukitolewa leo, Astère akirudi atabisha mlango gani?

Bibi ametoka na ushungi wake. Ametazama mabeseni moja moja. Ameuliza nani anaungua. Houda amemjibu, mzee wa Noeli, bibi, kwa sababu anakimbia sana. Mi nimeanza kuomba rosari tumboni.

"Anayeungua apewe maji," amesema. "Hiyo ni thawabu, hata awe nani. Lakini birika langu lirudi limejaa. Na we Joëlla utanichotea mpaka hiyo Noeli yenu."

Akaingia. Akatoka tena kuongeza kwamba kama mzee huyo anakimbia na kilo zote zile za kitambi, apunguze nyama.

Sikumpiga mtoto. Lakini maji yote yamerudi ndani ya bidoni, na yeye ndiye aliyeyarudisha, kikombe kwa kikombe. Nimemwachia beseni moja. Lile la bluu lenye kiraka, tulilolibandika kwa kisu cha moto. Amenishukuru kama nimempa gari.


Alhamisi, 18 Desemba

Nimemwita Maxime aje atengeneze alichoharibu. Mtoto hali chakula vizuri, anaulizia moshi. Maxime amekuja na chungwa. Ameligeuza mbele ya mshumaa: dunia inazunguka, usiku hauji mahali pote mara moja, unatembea. Unatoka upande wa Gitega, unapita kwetu, unavuka ziwa, unaingia Kongo. Père Noël anaufuata nyuma. Kwa hiyo ana muda mwingi zaidi, hana haja ya mbio ile yote. Haungui.

Nimepumua. Hata Orlane alinyamaza.

Joëlla ameshika chungwa. Ameligeuza mwenyewe, polepole.

"Kwa hiyo anatoka hapa anakwenda Uvira."

Ndiyo, anasema Maxime, amefurahi.

"Hatoki Uvira kuja hapa."

Apana, usiku haurudi nyuma.

"Basi hawezi kumbeba papa."

Hakuna mtu alijua. Siku zote hizi mi nadhani anachongojea ni toyi ya kuchezea, ni rangi, ni kanzu. Kumbe alikuwa amepanga safari. Mabeseni yale yote ni kituo cha kushushia baba yake.

Maxime amelitazama chungwa lile kama limemng'ata. Nimemtuma akanunue makaa, ingawa makaa yapo.


Jumamosi, 20 Desemba

Simu haipiti. Yule mwanamke wa mtandao anayesema nijaribu baadaye, nimeanza kumchukia kama mke mwenza.

Watu wanaotoka Gatumba wanasema wengi wamevuka. Wengine wanasema wengi hawajavuka. Nimeacha kuuliza.

Tumepamba tawi letu la sipre, ndio mti wetu wa Noeli, kwa pamba. Joëlla anasema theluji hii ndiyo ya kwetu, haiyeyuki, imezoea joto.


Jumatatu, 22 Desemba

Chanelle, binti wa jirani, amefungua domo lake. Yuko sekondari, anajua yote. Amewaambia watoto kwamba Père Noël ni wazazi, na anayebisha ni mutoto wa bibero, bado ananyonya chupa. Houda amenieleza kila kitu kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba.

Nimemsubiri Joëlla aje kulia. Hakulia. Amemjazia Bibi birika lake, amekuja, amebadilisha maji ya beseni la bluu, ameondoa majani yaliyoanguka ndani. Ameniangalia. Nimemwangalia. Tumepita kama paka wawili kwenye ukuta mmoja.

Kama hili la Père Noël ni la uongo, na lile la papa kurudi je? Ndilo atakalouliza. Na mi nitajibu nini?


Jumanne, 23 Desemba

Naandika vibaya.

Mchana watoto wako kwa Bibi, mtu amebisha. Cirimwami. Anafanya kazi na Astère kwenye gereji kule Uvira, alikula hapa kwangu Pasaka. Sikumtambua. Amekonda, ndala mbili hazifanani. Na mgongoni mfuko wa Astère.

Nimeuona mfuko kwanza, halafu nikamwona yeye.

Anasema walitembea pamoja mpaka karibu na kuvuka mpaka. Watu wengi mno. Kulikuwa na mama mmoja mzee ameanguka, Astère akavua mfuko, akampa yeye Cirimwami, ili ambebe yule mama. Akamwambia, tangulia, niko nyuma yako. Cirimwami alipogeuka aliona vichwa tu. Amemsubiri Gatumba mpaka alipochoka kusubiri. Aliniambia haya akiitazama sakafu. Nimempa chakula, hakumaliza. Akaomba kunawa uso, nikamwonyesha nje.

Ndani ya mfuko: shati, chaja, na sandali nyekundu za mtoto ndani ya gazeti. Kubwa. Astère kila mwaka ananunua vya Noeli vikubwa, ati mtoto akue navyo.

Nimeusukuma chini ya kitanda.


Jumatano, 24 Desemba

Asubuhi amenijia jikoni. Hakukimbia. Amekuja kama daktari.

"Mama, nani amenawa kwa beseni?"

Maji ya beseni la bluu yamechafuka. Udongo umelala chini, na ukingoni kuna alama ya mikono. Jana nilimwonyesha Cirimwami nje tu, sikufikiria ni maji gani.

Neno lilikuwa tayari mdomoni: Père Noël amepita. Lilikuwa jepesi kabisa. Mtoto angefurahi, sandali zingeeleweka, tungekula wali wetu. Lakini Chanelle ameshasema. Nikidanganya leo, na yeye anajua, basi kila nilichosema juu ya baba yake kinaingia kapu hilo hilo.

Nimemwambia ni Cirimwami, rafiki wa papa. Ametoka Uvira.

"Na Père Noël?"

"Père Noël ni sisi. Mi na papa."

"Najua."

"Sasa maji ya kila siku ni ya nini?"

"Ya mtu anayekuja kwa miguu," amesema. Kisha akakaza macho. "Na papa? Na yeye ni wa kusema tu?"

Nimekwenda kuvuta mfuko. Nimemweleza kama nilivyoelezwa, yule mama mzee, watu wengi, tangulia niko nyuma yako. Sikuongeza, sikupunguza. Amevaa sandali. Kisigino chake kimeachia nafasi ya vidole viwili. Amecheka.

"Vikubwa. Ni papa kweli."

Amekaa nazo muda mrefu, anaukunja mkanda wa mfuko. Halafu:

"Mama, ni kama umeme na radi. Mfuko umefika kwanza. Papa anafuata nyuma."

Nimesema ndiyo. Jumapili ile alikuwepo, alimsikia tonton wake mpaka mwisho, habari ya ile radi inayofia njiani. Mtoto huyu hasahau kitu. Hakuitaja. Na mi sikuitaja.

Sasa ni jioni. Bibi Ghanima ametuma sahani ya pilau na ujumbe kwamba ndani kuna sehemu ya msafiri, tusiiguse. Orlane amelala, ajabu. Nguo za misa ziko kitandani, nimezipiga pasi.

Joëlla yuko mlangoni na sandali zake. Ameosha beseni, amelijaza upya, amelisogeza karibu na geti. Anahesabu. Akifika mia anaanza tena moja. Nimemwuliza kwa nini asiendelee mbele. Anasema hawezi, kwa sababu hajui ni mbali kiasi gani.

Kengele ya kwanza ya misa imelia. Bado sijamwita.